Daktari anapoomba kura

 Kama nyumbani mwako kuna kijana anayesomea udaktari, au anayeota kuusomea, mwite aje msome pamoja. Na kama wewe ndiwe kijana mwenyewe, tafadhali usigeuze ukurasa.

Desemba iliyopita tulikwenda Nyamira kwa wazazi wa mume wangu, kama tufanyavyo kila mwaka. Shemeji yangu, kitinda mimba wa boma lile, alikuwa amepata ruhusa ya siku mbili kutoka hospitali ya kaunti anakofanya kazi. Baada ya chakula (ugali wa wimbi na chinsaga, msomaji, usiulize nilikula kiasi gani) wanaume waliketi sebuleni na kikao kikaanza. Mila ya heshima kati ya mke wa mwana na baba mkwe hainiruhusu kukaa karibu na mzee, kwa hivyo mimi niliyasikia yote nikiwa jikoni, mlango ukiwa wazi nusu.

Shemeji alisema maneno machache tu. Alisema ameamua kuwania ubunge katika uchaguzi wa mwaka wa 2027.

Kimya kilichofuata ningeweza kukikata kwa kisu. Ili ukielewe kimya hicho, lazima nikueleze jinsi kijana huyo alivyosomeshwa. Baba mkwe ni mkulima wa majani chai. Kila Oktoba bonasi ilipofika, haikulala nyumbani hata usiku mmoja. Ilikwenda moja kwa moja kulipa karo. Ng'ombe wawili wa maziwa waliuzwa. Sehemu ya shamba ilikodishwa kwa jirani na hadi leo haijarudi yote. Udaktari si kozi ya miaka minne. Ni miaka sita darasani na wodini, kisha mwaka mzima wa mafunzo ya kazi kabla mtu hajaandikishwa kama daktari kamili. Siku kijana alipovaa joho, mzee aliacha kumwita kwa jina. Tangu siku hiyo alimwita "Daktari", hata akimtuma kufunga lango.

Usiku ule nilimsikia akimwita kwa jina lake la utotoni.

Sasa, msomaji wangu, jambo hili si geni kwa Wagusii. Huenda hakuna pembe nyingine ya nchi yetu ambako neno "daktari" limezoeleka sana kwenye mabango ya kampeni. Wengine walikuwa madaktari wa vitabu. Dkt Zachary Onyonka, aliyeingia Bungeni mwaka wa 1969 na kuwa waziri kwa miaka mingi, alikuwa mtaalamu wa uchumi. Hakuwahi kumdunga mtu sindano. Dkt Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira aliyeongoza wizara kadhaa tangu mwaka wa 2013, shahada yake ya uzamifu haina uhusiano wowote na dawa. Nimewahi kumsikia bibi mmoja katika matatu ya kwenda Keroka akilalamika kwamba wana wengi wa Gusii wanaitwa madaktari ilhali ukiwa na homa hawakusaidii kitu. Abiria wote walicheka, lakini bibi hakuwa anatania.

Hao si ninaotaka kuwazungumzia. Nataka tuwazungumzie waliovua koti jeupe.

Chukua eneo bunge la Nyaribari Masaba, kule ambako mji wa Keroka umekaa mpakani, mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira. Kwa miaka kumi na zaidi siasa ya huko ilikuwa kama mashindano ya madaktari wawili. Mwaka wa 1997 kiti kilichukuliwa na Prof Sam Ongeri kwa tikiti ya KANU. Mwaka wa 2002, wimbi la Simeon Nyachae na FORD-People lilipoikumba Gusii nzima, kiti kikaenda kwa Dkt Hezron Manduku. Mwaka wa 2007 Ongeri akakirudisha, tena kwa KANU ile ile iliyokuwa imekwisha kuonekana mzee mkongojo kwingineko nchini. Fikiri, msomaji: mpiga kura wa Masimba au Ramasha alipoingia kwenye kituo cha kura aliwakuta madaktari kwenye karatasi, na ye yote aliyemchagua, mmoja wao alikuwa haendi tena kuhudumia wagonjwa.

Huko Mugirango Magharibi, ambako ndiko mji wa Nyamira ulipo, Dkt James Gesami alichaguliwa mwaka wa 2007. Katika serikali ya muungano ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga alikuwa waziri msaidizi wa Afya ya Umma. Gavana John Nyagarama alipofariki Desemba 2020 na naibu wake, Amos Nyaribo, kushika usukani, Dkt Gesami aliitwa mwaka wa 2021 kuwa naibu gavana wa Nyamira, na wawili hao walirejea kwa kura mwaka wa 2022.

Kwa nini Gusii? Nimejiuliza mara nyingi. Jibu moja ninalolipenda (na nakiri ni la mtu aliyeolewa huko, kwa hivyo lina upendeleo) linarudi nyuma kabla ya hospitali za Wazungu. Wagusii walikuwa na wapasuaji wao, ababari, ambao kazi yao ilikuwa kufungua fuvu la kichwa. Mtu aliyepigwa rungu au kuangukiwa na gogo, akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, alipelekwa kwa omobari. Ngozi ilichanjwa, mfupa ukakwaruzwa polepole hadi sehemu iliyoumia ikaondoka, mgonjwa akiwa macho na ndugu zake wakimshikilia. Madaktari wa kigeni waliofika huko katikati ya karne iliyopita hawakuamini macho yao. Waliandika ripoti na kupiga picha, kwani wagonjwa wengi walipona na wengine walikuwa wamefunguliwa zaidi ya mara moja. Omobari hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa na heshima, na neno lake lilisikika hata kwenye mambo yasiyohusu vichwa. Basi jamii iliyozoea kumsikiliza mwenye kisu, ikishangilia daktari jukwaani, tuishangae ya nini?

Lakini jibu hilo ni la mapambo. Lililo la kweli zaidi limo katika sheria. Kabla ya katiba ya mwaka wa 2010, waziri alikuwa lazima awe mbunge. Ukiwa daktari wa watoto, hata uwe bingwa namna gani, kama ulitaka kukaa kwenye kiti ambacho ndicho kinaamua dawa gani inunuliwe na zahanati ipi ipate muuguzi, njia ilikuwa mbili: uchaguliwe, au Rais akuteue mbunge maalumu. Hapakuwa na mlango wa tatu. Daktari aliyechoka kuandika dawa ambazo duka la hospitali halina alikuwa na sababu ya kweli ya kwenda kusimama juu ya gari na kupaza sauti.

Prof Ongeri ni mfano mzuri wa safari hiyo, kwa mema na kwa mabaya yake. Alikuwa profesa wa magonjwa ya watoto katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu wengi hawakumjua kwa sababu ya watoto aliowatibu, bali kwa sababu aliongoza chama cha riadha nchini, enzi zile wanariadha wetu walipokuwa wakiibeba bendera kila mahali. Ukitaka siri ya daktari kujulikana, ndiyo hiyo. Wodini anakujua mgonjwa na mama yake. Uwanjani anakujua kila mtu mwenye redio.

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Daniel arap Moi alikabidhiwa afya. Wewe uliyekuwa mtu mzima wakati huo hujasahau. Ukimwi ulikuwa unazika watu kila Jumamosi. Serikali iliutangaza kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999. Dawa zilikuwapo Ulaya na Marekani, lakini gharama yake kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka ilipita dola 10,000. Kijijini hizo ni pesa za kununua shamba. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba ingeweza kuwauzia wahisani dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Juni mwaka huo huo Bunge letu likapitisha sheria ya mali ya viwanda iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu. Haikuwa kazi ya mtu mmoja, na mashirika ya kutetea wagonjwa ndiyo yaliyopiga kelele kuliko wote. Lakini hapo ndipo unapoona kile daktari mmoja wodini hawezi kukifanya hata akikesha mwaka mzima. Kalamu ya kuandikia dawa humfikia mgonjwa mmoja. Kalamu ya sheria huwafikia watu ambao daktari hatawaona kamwe.

Shemeji yangu alisema hivyo hivyo sebuleni. Alisema juzi tu alimpokea mama mjamzito aliyefika akiwa amechelewa, kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. "Baba," akasema, "mimi nilijua la kufanya. Mikono yangu ilijua. Lakini mafuta ya gari hayako mikononi mwangu."

Mzee hakujibu.

Nami kule jikoni, nikiosha vyombo polepole ili nisipitwe, nilikumbuka upande wa pili wa habari ya Ongeri. Baada ya uchaguzi wa 2007 na damu iliyomwagika, alikuwa mmoja wa wanne walioketi upande wa serikali kwenye mazungumzo ya Serena chini ya Kofi Annan, pamoja na Martha Karua, Mutula Kilonzo na Moses Wetang'ula, hadi mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Daktari wa watoto mezani pa kuokoa nchi. Hapo nani angelalamika? Mwaka huo alipewa Elimu, si Afya. Na huko Elimu ndiko alikokutana na dhoruba. Mwishoni mwa mwaka wa 2009 ilibainika kuwa pesa za elimu ya bure ya msingi zilikuwa zimefujwa. Uingereza ikasimamisha msaada wake, kisha Marekani ikafuata. Watu walimtaka waziri ajiuzulu, naye akakataa. Februari 2010 Waziri Mkuu Raila Odinga akatangaza kumsimamisha kazi kwa miezi mitatu, pamoja na aliyekuwa waziri wa Kilimo, William Ruto. Rais Kibaki akaibatilisha hatua hiyo, na profesa akabaki ofisini hadi alipohamishiwa Mambo ya Nje mwaka wa 2012.

Sisemi haya ili kumhukumu mzee ambaye wapiga kura wa Kisii walimpeleka tena Nairobi mwaka wa 2017, safari hiyo kama seneta, akiwa na umri wa karibu miaka themanini. Nasema kwa sababu hospitalini makosa ya mtu mwingine hayakupakazi matope hivyo. Daktari wa zamu akikosea, jina linaloandikwa ni lake. Kwenye siasa karani asiyekujua anaweza kuiba shilingi, na gazeti likachapisha picha yako. Mtu anayetoka wodini akiwa amezoea kuheshimiwa kila anapopita, je, ameuandaa moyo wake kwa hilo? Wodini hakuna anayekuzomea.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu havilisemi, na ambalo kila familia ya Gusii inalijua. Mbunge wa kwetu ni mlipaji wa bili. Alfajiri lango lake limejaa watu. Huyu mtoto wake amefukuzwa shule. Yule maiti ya baba yake imezuiwa chumba cha maiti kwa sababu ya deni la hospitali. Wa tatu ana karatasi ya dawa iliyokunjwa mara nne. Enzi za KANU mbunge alipimwa kwa harambee: ametoa ngapi, mbele ya nani. Sasa mweke daktari mahali hapo. Zamani mgonjwa alikuja na karatasi ya dawa iliyoandikwa na daktari yule yule. Leo anakuja na karatasi iliyoandikwa na daktari mwingine, na anachotaka si ushauri bali noti. Daktari amegeuka pochi. Nadhani hicho ndicho kinachowachosha wengi wao kuliko matusi ya jukwaani.

Na usidhani kuwa mtu aliyesoma udaktari akipata fedha za maendeleo basi wagonjwa wamepona. Hazina ya maeneo bunge ilipoanzishwa mwaka wa 2003, wabunge kote nchini walijenga zahanati kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Kuta zilipakwa rangi, mabati yakang'aa, majina ya waheshimiwa yakaandikwa kwa herufi kubwa. Kisha nyingi zikakaa zimefungwa, kwa kuwa mbunge anaweza kujenga nyumba lakini hana mamlaka ya kuajiri muuguzi. Baada ya katiba mpya hospitali na zahanati za chini zimo mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo ukiwa daktari na nia yako ni wodi ya Nyamira, nakuuliza kwa upole: Bunge la Nairobi unalitafutia nini? Huenda kiti unachokitaka kipo karibu zaidi na nyumbani, na hakina bendera.

Hili nilitaka sana kulisema sebuleni. Lakini mila ni mila.

Jambo jingine la kushangaza ni hili. Katiba ya 2010 iliufungua ule mlango wa tatu. Sasa waziri hawezi kuwa mbunge, na Rais anaweza kumchukua mtaalamu moja kwa moja kutoka kazini kwake. Tungetarajia wizara ya Afya ijae madaktari. Wa kwanza kupewa, mwaka wa 2013, alikuwa James Macharia, mtu wa benki. Korona ilipoingia Machi 2020, aliyesimama mbele ya kamera kila alasiri kututangazia idadi ya wagonjwa alikuwa Mutahi Kagwe, ambaye si daktari, na wengi wetu tulimwamini kuliko ndugu zetu wenyewe. Dkt Deborah Barasa, ambaye ni daktari kweli kweli, aliingia Agosti 2024 na akahamishwa kabla mwaka haujaisha. Na Prof George Magoha, mpasuaji mashuhuri, alipochukuliwa mwaka wa 2019 hakupewa Afya. Alipewa Elimu, akaichunga mitihani kama mtu anayelinda chumba cha upasuaji, hadi mwaka wa 2022.

Charity Ngilu naye hakuwa daktari, lakini alipokuwa waziri wa Afya ndiye aliyepeleka mswada wa bima ya afya kwa wote, Bunge likaupitisha mwaka wa 2004, na Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Basi koti jeupe si tiketi, na kutokuwa nalo si kizuizi.

Tukitazama majirani, mambo ni mchanganyiko vilevile. Dkt Njoroge Mungai alikuwa daktari wa Mzee Jomo Kenyatta kabla ya kuwa waziri. Uganda, Dkt Kizza Besigye alimtibu Yoweri Museveni msituni na baadaye akawa mpinzani wake mkubwa. Zanzibar inaongozwa tangu mwaka wa 2020 na Dkt Hussein Ali Mwinyi, daktari mwana wa Rais. Kongo, Dkt Denis Mukwege, ambaye ulimwengu ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2018 kwa kuwatibu wanawake walionajisiwa, aliomba urais Desemba 2023, na kura alizopata hazikulingana hata kidogo na heshima aliyo nayo. Hilo la Mukwege nililitafakari sana. Watu wanaweza kukuamini na miili yao na bado wasikuamini na kura zao.

Turudi Nyamira. Mzee alipofungua kinywa hakupinga siasa. Aliuliza hesabu. Yeye ni mtu wa chai, anajua kilo.

Shemeji akampa hesabu. Mkataba wa mwaka wa 2017, uliopatikana baada ya mgomo wa siku 100 na viongozi saba wa chama cha madaktari kutupwa jela, ulisema daktari aliye mafunzoni alipwe zaidi kidogo ya shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka wa 2024 serikali ikasema haiwezi, itatoa 70,000, na madaktari wakagoma tena kwa siku 56 kabla ya kurejea kazini Mei. Ni Desemba mwaka huo ndipo ilipokubaliwa kwamba mkataba uheshimiwe. Mbunge hupata zaidi ya 700,000 kwa mwezi, na hajawahi kugoma hata siku moja kwa sababu mshahara umechelewa. "Wanaopanga mishahara yetu, baba, hawajawahi kushika zamu ya usiku. Ndiyo maana nataka kwenda."

"Na wewe ukienda," mzee akauliza, "zamu ya usiku atashika nani?"

Msomaji, nilizima maji ya bomba nisikie jibu. Hapakuwa na jibu. Nilisikia kiti kikisogezwa.

Kisha mume wangu, ambaye ni mtu wa karatasi, akaleta lile ambalo sote tulikuwa tumelisahau. Sheria ya uchaguzi inamtaka mtumishi wa umma anayewania kiti ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya kura. Kwa uchaguzi wa Agosti 2027, hiyo ni Februari. Aliyeko Bungeni tayari haambiwi ajiuzulu. Anaendelea kupokea mshahara huku akiomba kura. Daktari wa kaunti anatoka bila kitu, na akishindwa hakuna aliyemwahidi kwamba nafasi yake itamngoja. Na kampeni si mchezo: mafuta, mabango, vijana wa kupiga kelele, michango ya mazishi matatu kwa wiki. Pesa hizo zitatoka wapi? Nilijua kila mtu sebuleni alikuwa anafikiria kile kipande cha shamba kilichobaki.

Wewe mwanafunzi unayenisoma ukiwa bwenini, labda unaniona mwanamke mwoga anayetaka kila daktari afe akiwa na koti lake. La hasha. Dkt James Nyikal alikuwa daktari wa watoto, akawa Mkurugenzi wa Huduma za Matibabu wa nchi nzima, na ndipo Seme wakamchagua mwaka wa 2013, nywele zikiwa zimekwisha kuwa nyeupe. Alikwenda Bungeni akiijua wizara kutoka ndani, na hakuna katibu anayeweza kumdanganya kuhusu bei ya glavu. Ongeri pia alikwisha kuwa profesa. Kinachonisumbua ni kijana wa miaka thelathini na mbili ambaye mikono yake ndiyo kwanza imeanza kujua kazi, katika hospitali ambako madaktari wenzake wanahesabika kwa vidole. Miaka mitano Bungeni kwa mpasuaji si likizo. Mikono husahau. Wagonjwa hawangoji muhula uishe. Na akirudi akiwa ameshindwa, nusu ya wadi itakuwa watu waliompigia kura mpinzani wake. Atawatibu, bila shaka. Lakini wao watamwangaliaje anaposhika sindano?

Hata hivyo, yule mama aliyechelewa kwa sababu ya mafuta hanitoki akilini. Shemeji hakutuambia kilichompata, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Mama mkwe ndiye aliyekimaliza kikao. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto muda wote, akimenya ndizi, hata nilidhani hasikii. Alijipangusa mikono, akaingia sebuleni, akamwambia mwanawe kwamba kichwa kinamwuma tangu asubuhi na miguu ni mizito. Shemeji akatoka kwenda garini, akarudi na kile kifaa cha kupimia shinikizo la damu, akapiga magoti mbele yake na kumfunga kitambaa mkononi. Akapampu. Akasikiliza. Akapima tena mkono wa pili.

"Mama, dawa zako ulizimaliza lini?"

"Wiki tatu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Zahanati walisema zimekwisha, turudi mwezi ujao. Na wewe ulikuwa na mikutano."

Shemeji alichukua funguo za gari, usiku huo huo, kwenda mjini Nyamira kutafuta duka la dawa lililo wazi. Mzee alimsindikiza hadi langoni akimulika kwa tochi. Nilimsikia akisema, "Polepole barabarani, Daktari," na gari likaondoka.